Anayeshika Mguu wa Kamba

Tanjung Lihing, mto Kinabatangan
10 Rajabu

Kwa mdogo wangu Untong, karani wa Kampuni huko Sandakan.

Salamu kutoka kwa kila mtu wa nyumba hii, hata wale wasiokukumbuka sura. Hatujambo, ila Mama kikohozi hakijamwacha tangu mvua zianze, na dawa anayoitaka ni kukuona wewe, nayo duka la Liong haliiuzi. Mwanangu Rimbun ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu isipokuwa baba yake. Doriani zimezaa mwaka huu mpaka nguruwe wa mwituni wamezichoka. Binamu yetu Bidin ameoa. Tulikungoja wewe mpaka wali ukaanza kuchacha, mwishowe tukaula. Mkewe ana maneno mengi kuliko mimi, kwa hiyo sasa watu wa hapa wamepata wa kunilinganisha naye.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha kitako kuandika. Shemeji yako Lajim amempata mama wa kamba.

Wewe unajua maana yake, ingawa siku hizi sijui unakumbuka nini na umesahau nini. Alikaa msituni upande wa juu wa mto, yeye na wenzake, mpaka mchele ukawaishia. Nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia kama mtu aliyeoa mke wa pili huko. Amerudi amekonda, anacheka peke yake. Anasema ni henzirani moja, imetambaa kutoka mti hadi mti, unene wake sawasawa toka shinani hadi nchani, haina jeraha, na inatosha kufika kutoka dari ya pango hadi chini bila fundo. Tangu ile aliyopandia marehemu baba yake haijaonekana nyingine. Wameikata na kuiacha ikauke kidogo kulekule. Mwezi ujao wataileta kwa mtumbwi pamoja na fito za ngazi.

Misimu mitatu sasa mume wangu anavuna viota vya mbayuwayu, ili Wachina wapate supu yao, juu ya kamba kuukuu iliyojaa mafundo, na misimu mitatu wewe hukuwapo pale chini kuushika mguu wa kamba. Ameshika Bidin. Bidin ni mtu mwema, lakini alipiga miayo. Lajim akiwa kule juu na mshumaa wake wa nta aliona kamba inalegea, akachungulia chini, akamwona Bidin anajikuna mgongo. Watu wetu hawakumweka ndugu wa mke pale chini kwa bure. Mume akianguka, ni huyo ndugu atakayemlisha mjane na watoto mpaka azeeke, na mtu wa namna hiyo hapigi miayo. Bidin ana hasara gani?

Basi nakuuliza: msimu huu utakuja? Usinijibu kwa maneno ya ofisini. Andika ndiyo au andika hapana.

Dada yako,
Ambun


Forodhani, Sandakan
4 Januari 1897

Dada Ambun,

Barua yako imenifikia ikinuka samaki wa chumvi, nikajua imesafiri katikati ya magunia ya Liong. Nimefurahi kama niliyeoga mtoni kwetu. Mpe Mama shikamoo yangu, na hiyo chupa ya dawa ya kifua ni yake. Anywe asubuhi na jioni, asiwagawie majirani. Rimbun mwambie mjomba wake analeta kidole cha kung'atwa.

Mimi ni mzima. Tena nina habari njema: nimetolewa mezani, nimepewa ghala. Mazao yote ya msituni yanayoshuka mito ya upande huu yanapita mikononi mwangu: henzirani, sandarusi, nta, ulimbo wa miti. Navaa koti lenye kola na kifungo cha shaba. Wahamali wa Kichina wananiita Bwana Ghala, nami naitika. Vumbi ni jingi. Meli ya Singapuri inakuja kila majuma mawili na inataka kujaa, na isipojaa Bwana Mkubwa wa forodha anakuwa mwekundu kama shokishoki. Yeye si mtu mbaya. Kampuni iko London, wenye hisa wanataka faida, wanamwandikia yeye, yeye ananipigia kelele mimi. Hakuna mfalme hapa wala jeshi la maana, dada. Nchi yote hii inaendeshwa kwa ushuru na leseni kama duka, na duka lisipouza linafungwa.

Sasa nikuambie mambo mawili yatakayowafikia kwa tarumbeta ya mkuu wa wilaya, bora myasikie kwangu kwanza. La kwanza, tangu mwezi huu kila zao la msituni linaloshuka mto litasimamishwa kwenye kituo cha Kuala Tapang, na Kampuni itachukua moja katika kila kumi. Asiye na fedha atalipa kwa zao lenyewe. La pili, mnada wa viota umesogezwa mbele. Kila pango livunwe na viota vifike mjini kabla ya mwisho wa Februari. Pango ambalo halikuvunwa litahesabiwa limeachwa, na Kampuni itampangisha mwenye fedha. Mwenye fedha ni Liong, na wote tunalijua hilo.

Shemeji Lajim mwambie asibishane pale kituoni. Askari ni Kalasinga, mtu mrefu, mpole, lakini neno la mjadala halijui kwa lugha yetu wala yake. Wachukue fungu lao la kumi, mpite salama.

Kuhusu ruhusa, ndiyo kwanza nimekabidhiwa ghala. Nitaangalia.

Mdogo wako,
Untong


Tanjung Lihing
18 Shaabani

Untong,

Salamu. Mama amekunywa dawa, akawagawia majirani. Kikohozi kimepungua kidogo, na cha majirani pia. Bidin amekwenda kwenye mashamba ya tumbaku kutafuta kibarua, mkewe amebaki hapa anatusimulia. Rimbun anasimama kwa kushika ukuta.

“Nitaangalia” nimeisoma mara nyingi nikitafuta ndani yake ndiyo au hapana. Nimeiweka kando, kwa maana limetokea jambo kubwa kuliko hilo.

Lajim alishuka na mtumbwi kama alivyopanga. Fito za ngazi alizilaza chini, na mama wa kamba akamlaza juu ya zote, amezungushwa duara, kichwa chake kikielekea mbele. Ndivyo anavyosafirishwa, hawekewi kitu juu yake. Mama yetu mwenyewe alikwishamfungia kichwani ule uzi mwekundu wa baraka siku alipotoka msituni, walipopita hapa nyumbani wakishuka kuelekea pangoni. Wakafika Kuala Tapang. Kalasinga wako akahesabu mzigo, akaandika, akanyoosha mkono, akachukua fungu lake la kumi kutoka juu.

Unaona? Alichukua kilichokuwa juu. Angechukua fito zozote kule chini, mume wangu angemsaidia kuzibeba na kumpa tambuu atafune. Lakini alimchukua yeye, duara zima, na fito mbili tatu za kukamilishia hesabu.

Nilimuuliza Lajim, “Na wewe ulikaa kimya?”

Akasema, “Nilimwambia huyo hapana, huyo ni mama. Akanijibu, ‘Mama wa nani?’ Wenzangu wakacheka.”

“Ukafanya nini?”

“Mtu ameshika kitu mkononi mwake, Ambun. Nimnyang'anye? Na shemeji yangu ndiye aliyeandika tusibishane.”

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa hiyo nakukasirikia wewe.

Mizigo ya kituoni hushushwa mjini kwa stima ya Kampuni. Yumo ghalani mwako, au yuko njiani anakuja. Huna haja ya kuuliza mtu, utamjua kwa uzi. Mtafute, mnunue, mkope, muibe, sijali. Mrudishe kwa stima ya kwanza inayopanda.

Na huo mnada wenu mmeuweka ndani ya Ramadhani, sijui kama kuna aliyeangalia mwezi. Mzee Gimbang, mwenye kauli ya pango, amesema watu hupanda baada ya Idi, kama miaka yote, na mbayuwayu hawajali London. Lakini walipomwambia habari ya Liong alinyamaza, na Gimbang akinyamaza ujue ameogopa.

Ambun


Forodhani, Sandakan
2 Februari 1897

Dada yangu Ambun,

Kesho au keshokutwa ni Ramadhani, Mungu atuvushe salama. Kwa mkono wa nahodha wa Kisuluki, mtu wa visiwani, nawaletea kapu la tende kutoka duka la Mwarabu, kitambaa cha Mama cha Idi, na sukari. Tende zimechanganyika na mchanga kidogo, mzioshe. Mjini pana joto na watu wana homa, lakini mimi namshukuru Mungu. Bwana Mkubwa ameniambia ghala halijawahi kuwa safi kama lilivyo sasa.

Suala la henzirani nalifuatilia. Elewa, dada, ghala ni kubwa na zao likiisha kuandikwa ni mali ya Kampuni, halitoki ila kwa meli. Si kama nyumbani, ambapo mtu anaingia jikoni kwa jirani na kuazima chungu. Nimezungumza na watu wanaohusika. Kuna utaratibu.

Wakati huo huo nafikiri shemeji asikae bure akingoja. Yeye ni fundi wa mafundo kuliko wote mtoni. Kamba ya kuunga, ikiungwa na mtu kama yeye, ina ubaya gani? Baba yake mwenyewe alipandia kamba ya kuunga mwaka wa ndui, na alishuka mzima.

Uzi wa Mama nimeuhifadhi vizuri, asiwe na wasiwasi.

Ruhusa nimeiomba kwa mdomo. Wanasema wakati wa mnada karani wa ghala haondoki. Tuombeane.

Untong


Tanjung Lihing
9 Ramadhani

Kwa Untong,

Tende tumeosha, tumefuturu. Kitambaa kimempendeza Mama, ameshakikunja na kukitia sandukuni akuvalie ukija. Nakushukuru. Rimbun amekula sukari bila kunawa na sasa sisimizi wote wa Kinabatangan ni jamaa zake.

Mama alikuwa kando yangu nilipokuwa nasoma barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye uzi, nilisoma mstari mwingine ambao hukuuandika. Nilimwambia umesema kamba iko salama. Ni mara yangu ya kwanza kumdanganya Mama mwezi wa Ramadhani, na nimedanganya kwa ajili yako.

Uzi haufunguliwi kichwani mwa kamba nzima, Untong. Mama aliukaza kwa meno. Nataka uniandikie mstari mmoja: yuko mzima au hayuko? Mtu anayetuambia tuunge kamba anajua kitu.

Huku mambo hayangoji. Gimbang amesalimu amri. Liong alikuja mwenyewe kwa mashua, akakaa barazani kwake, akatafuna tambuu, akasema yeye hana haraka, anasubiri tu tarehe. Alikuwa na adabu sana. Afadhali angetukana. Wanaume wakakutana msikitini wakakubaliana kupanda kumi la kati la Ramadhani, watu wamefunga, kwa kuwa pango likiondoka halirudi, na kijiji hiki bila pango ni nini? Tutakwenda wote kuchuma tumbaku na Bidin.

Lajim anaunga kamba. Amechukua vipande vya ile kuukuu na henzirani mpya fupi, anasuka na kuchovya mtoni, anakaza, anasuka tena. Siku ya jana nilimwona anajining'iniza kwenye boriti ya nyumba kujaribu. Aliponiona akajifanya anacheza na mtoto. Mimi ni mke wake, najua anavyocheza na mtoto.

Bidin nilimpelekea habari arudi ashike mguu. Amejibu kwamba yeye si ndugu yangu wa tumbo moja, na kwamba mguu una mwenyewe. Hilo ni kweli, na halikuniuma kwa sababu ni Bidin, limeniuma kwa sababu ni kweli.

Naogopa, Untong. Nimeandika, umesoma.

Ambun


Sandakan
22 Februari 1897

Dada Ambun,

Salamu za Mama na za wote uzipokee wewe kwanza, sina muda wa kuzipanga. Nahodha wa Kisuluki anaondoka na maji haya.

Hayuko mzima.

Henzirani yoyote inayoingia ghalani hukatwa vipande vya pima mbili, kwa sababu ndivyo vinavyopangika tumboni mwa meli, na watengeneza viti wa Singapuri hawataki zaidi. Mimi ndiye ninayesema “kata.” Siku mzigo wa Kuala Tapang ulipofika barua yako ilikuwa bado mtoni. Wahamali waliutupa chini, nikasema “kata” kama ninavyosema kila asubuhi. Msumeno ulikuwa umepita mara tatu nilipouona uzi. Nilimjua palepale. Ningeweza kusema “acheni,” kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa bado. Lakini Bwana Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi, meli inapiga honi, nami nikaona nikisimamisha kazi nitaulizwa kwa nini, na nikijibu “ni mama” watacheka kama walivyocheka kituoni. Nikaufungua uzi, nikautia mfukoni. Wakaendelea.

Basi hilo ndilo nililokuwa nikilizungusha. Nilikuletea tende.

Tangu barua yako ya mwisho sijalala vizuri, na mchana natazama dari ya ghala naona shemeji kule juu. Leo asubuhi nimeomba ruhusa kwa maandishi. Nimejibiwa: baada ya mnada. Nikamuuliza Bwana Mkubwa kama kuna jibu jingine. Akasema, “Untong, karani akiondoka wakati wa mnada harudi.” Hakukasirika hata kidogo, alinieleza tu. Nimevua koti, nimelikunja, nimeliweka juu ya meza yake pamoja na funguo.

Nakuja kwa stima ya Alhamisi. Msipande mpaka nifike. Mwambie Lajim anivumilie siku chache tu, asipande. Mguu una mwenyewe na mwenyewe yuko njiani.

Untong


Tanjung Lihing
20 Ramadhani

Kwa mdogo wangu Untong,

Natumai barua hii inakukuta na afya. Sisi sote tu wazima. Nimelitanguliza hilo usije ukahangaika kusoma: sote tu wazima, na Lajim yumo.

Mama anakohoa kidogo usiku. Rimbun ametembea hatua zake za kwanza, kuelekea kwa kuku.

Barua yako sijaipata. Nilimwomba Lajim tungoje stima nyingine, akasema tarehe ya Kampuni hainywi uji, haichoki. Kwa hiyo juzi walikwenda pangoni, nami nikawafuata nyuma na mtoto mgongoni kwa Mama, na Mama nyuma yangu analalamika miguu.

Mlangoni Mzee Gimbang alichinja kuku, akasoma dua, akaita majina kama inavyoitwa. Mpanda kamba, Lajim. Mshika mguu, Untong ndugu wa Ambun. Akaita tena kwa sauti zaidi, maana yeye ni kiziwi na anadhani sisi sote ni viziwi. Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema atashika yeye. Mwingine akasema basi wote washike kwa pamoja. Mimi nikapita katikati yao nikaingia.

Gimbang akapiga kelele, “Ambun! Wewe ni mwanamke!”

“Najua, mzee. Nimezaa.”

“Mwanamke haingii humu watu wakipanda!”

“Mguu hushikwa na nani?”

“Na ndugu wa mke!”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu…” Akanitazama. “Kwa sababu mume akianguka, ni yeye atakayebaki na mzigo wa mjane.”

“Basi mjane mwenyewe atabaki na mzigo wa nani? Huyo ndugu yangu ameshatua wake huko forodhani. Mimi wangu siwezi kuutua. Niambie nani hapa atashika kwa nguvu kunizidi mimi.”

Wa kwanza kucheka alikuwa Lajim. Alicheka mpaka popo wakaruka. Halafu akaja akanizungushia mkia wa kamba kiunoni, akanionyesha pa kukanyaga, akaniambia taratibu, “Usinitazame mimi, sikiliza mkono wako.” Akapanda.

Untong, wewe ulishika tangu ukiwa kijana na hukuwahi kuniambia. Hukuniambia kwamba uzito wa mtu unashuka mpaka kwenye vidole, kwamba anapopumua unajua. Nimelala na mwanamume huyu miaka mingapi, nikajua uzito wake juzi. Mshumaa wake ulikuwa mdogo kule juu kama kimulimuli. Viota vikaanza kuanguka kapuni, vyeupe, vizuri. Alipofika kwenye fundo la kuunga, kamba ilitetemeka, ikajivuta shubiri moja, nikasikia uzito wake umeondoka mkononi mwangu, kisha ukarudi wote kwa mpigo mmoja. Ngozi ya viganja ilitoka. Sikupiga kelele kwa kuwa angetazama chini. Nilikaa juu ya mwamba nikaizungusha kamba mara moja zaidi mwilini, nikakaza. Aliposhuka alikuwa amenyauka midomo kwa saumu na kwa hofu, akaniambia, “Ilikuwa nini ile?” Nikamwambia, “Ilikuwa mimi.”

Pango limevunwa. Lajim mwenyewe anashuka na viota kabla Kampuni haijafunga kitabu chake, na barua hii imo mfukoni mwake. Liong amekuja kutupongeza. Hajapoteza adabu.

Jambo la mwisho, nalo nakuambia bila ubaya, kwa sababu hasira yangu niliiacha kule mwambani pamoja na ngozi ya mikono. Lile fungu la viota la mshika mguu nimepewa mimi. Na Gimbang, baada ya kufikiri na kutafuna sana, amesema jina linaloitwa mlangoni ni la aliyeshika mara ya mwisho. Msimu ujao litaitwa langu.

Kwa hiyo usihangaike tena kuomba ruhusa, wala usigombane na Bwana wako kwa ajili yetu. Una kazi nzuri, una koti. Kaa nayo.

Dada yako,
Ambun


Kituo cha Kuala Tapang
26 Februari 1897

Dada Ambun,

Nakuandikia juu ya pipa la nta. Stima imetia nanga hapa kuchukua kuni, na mtumbwi wa Lajim umefika ukishuka. Amenipa barua yako kwa mkono wake. Nilimshika mabega, nikamtazama miguu na mikono kama ninakagua mzigo, akaniambia, “Acha, mimi si henzirani.” Kisha tukakaa, nikasoma mbele yake, naye akatazama mto.

Barua yangu itakuwa imekufikia au itakufikia leo. Uliyoyasoma ndiyo hayo. Sina koti, dada. Nilikuja kushika kitu ambacho hakipo tena mikononi mwangu, na kusema kweli nimelia hapa kituoni, Lajim akajifanya hasikii.

Nimemuuliza alimpata wapi mama wa kamba. Amenichorea matopeni kwa kijiti: kijito cha tatu juu ya maporomoko, upande wa jua kuchwa. Anasema pale palipo na mmoja huenda yupo mwingine, na kuna msimu wa pili baada ya mvua. Sipiti nyumbani kwanza. Mwombe Mama anisamehe kwa kitambaa. Nitakuja nikiwa nimempata, nikulazie mlangoni mwa pango, ushike wewe.

Kalasinga ameniona bila koti, hakunijua. Ameniuliza, “Unapanda au unashuka?”

Nimesema napanda.

“Una mzigo gani?”

Nimetia mkono mfukoni nikamwonyesha uzi mwekundu. Ameugeuza, ameutazama kwenye jua, amenirudishia. Amesema huo haulipiwi ushuru, nipite.

Mdogo wako,
Untong